Sabuni ya Arobaini

"Mafuta ya mwaka huu, Wijdan? Ya mwaka huu?"

Rushdi alisimama mlangoni mwa jiko, kofia ya kazi bado kichwani, na kifungo cha koti lake kilicholegea siku nyingi kikining'inia kwa uzi mmoja. Alikuwa ametoka kusoma mita za maji za watu tangu asubuhi, ana njaa, na jikoni hapakuwa na hata harufu ya kitunguu. Mkewe alikuwa amevaa glavu za mpira, kitambaa mdomoni, miwani ya plastiki machoni, anakoroga sufuria utadhani daktari yuko kwenye upasuaji. Debe la mafuta ya zeituni, lile lililotoka kukamuliwa msimu ule, lilikuwa wazi sakafuni.

"Ya mwaka jana yana harufu," Wijdan alijibu bila kugeuka. "Nataka sabuni inayonukia."

"Inayonukia iko dukani! Marehemu baba kafanya kazi kiwanda cha sabuni mpaka mgongo umepinda, na hakuna siku aliyoleta sabuni ya rangi ya waridi humu ndani. Watu wakisikia watasema nini? Mkwe wa Haji Salim anapika keki za kuogea!"

"Watasema ana kazi ya kufanya. Chakula kiko kwenye friji, pasha moto."

Sasa, watu wa mji huu wa Nablus unaweza kuwatania kwa mengi, lakini usiwaguse kwenye sabuni. Kwao sabuni ni nyeupe, ina pembe nne na muhuri, hupikwa na wanaume, halafu hupangwa minara kwa minara ikae miezi mpaka ikomae. Kuitia rangi ni kama kumpaka babu yao wanja. Wijdan aliyajua hayo yote, kazaliwa humo humo. Lakini yeye kazi zake za nyumbani zilikwisha mapema mno kila siku: sahani mbili, vikombe viwili, kitanda kimoja. Baada ya hapo ni kukaa dirishani kutazama nguo za jirani zikikauka, na kusikiliza saa ya ukutani. Siku moja akamwona kwenye simu mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole akichanganya mafuta na magadi makali, yale yanayounguza ngozi, na kesho yake akakitoa kitu kizima kwenye kalibu, kigumu, kina umbo lake. Wijdan akanunua mizani. Akaanza. Na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine wa kusema naye mchana, akawa anazisemesha sabuni zake zikiwa rafuni, wala hakuona haya.

Kilichokuwa kikimuuma kilikuwa jina. Mtaa ule wa Yasmina kila mwanamke alikuwa mama wa fulani. Rushdi hakujaliwa mtoto, lakini yeye ni mwanamume, walimfanyia hisani wakamwita Baba Salim kwa jina la marehemu baba yake. Wijdan hisani hiyo haikumfikia. Wanawake walipokutana kunywa kahawa na kutajana, utasikia: "Alikuwepo Mama Thabit, Mama Nasri, Mama Luai, na Wijdan." Hiyo "na" ilikuwa ikimfinya kila ikisemwa, miaka yote, na hakuwahi kumwambia mtu.

Halafu zikaja hizo sabuni. Alianza kugawa, moja moja, zimefungwa kwa karatasi na kamba ya katani: ya kahawa, ya majani ya zaatari, ya asumini. Walimcheka kwanza. Mama Nasri, jirani wa ghorofa ya pili, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na pazia, alinusa ile ya kahawa akasema, "Hii niogee au niinywe na tende?" Lakini akaogea. Tena Wijdan akampikia mafuta mazito ya nta ya nyuki ya kupaka nyayo, na nyayo za Mama Nasri, zilizopasuka miaka, zikalainika. Mwezi ule kwenye kikao cha kahawa Mama Nasri alivua soksi mbele za watu.

"Tazameni! Tazameni wenyewe! Kisigino cha bi harusi! Aliyenifanyia haya ni huyu hapa, Mama Sabuni!"

Wakacheka wote, wakapiga makofi. "Mama Sabuni! Karibu kiti hiki, Mama Sabuni!"

Ulikuwa utani. Wijdan alijua ni utani. Lakini alipopanda ngazi kurudi kwake masikio yalikuwa ya moto kwa furaha, na alisimama mbele ya kioo cha bafuni akalitamka jina lile mwenyewe, kwa sauti ya chini, kuona linavyokaa.

&nbsp;

Ghorofa ya kwanza alikaa Mama Thabit, mkubwa wa jengo lile kwa umri na kwa amri. Mwanawe Thabit alioa, na mkewe, Sundus, msichana mpole asiyejua kusema hapana, akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Ghaith. Siku ya arobaini ilipokaribia, siku ambayo mtoto anaogeshwa rasmi na wanawake wa mtaa wanakusanyika, Mama Thabit alimsimamisha Wijdan ngazini.

"Mama Sabuni, sabuni ya arobaini ya mjukuu wangu utapika wewe. Safi, ya mafuta matupu. Rangi zako hizo sizitaki."

"Arobaini si karibu sana, dada?"

"Kwani hizo zako zinachukua muda gani? Wewe si unapika kila siku?"

Pale ndipo alipotakiwa kusema. Sabuni ya mafuta ya zeituni matupu haina mchezo, inataka kukaa, ikae mpaka magadi yatulie. Hata mtoto wa Nablus anayenyonya anajua. Lakini nani angekuwa na moyo wa kukataa? Miaka yote ile, mambo ya watoto wachanga yalipofika, wanawake walikuwa wakimpitisha Wijdan pembeni kwa adabu, wakimpa sinia abebe, wakimtuma sukari. Leo anaitwa kwenye maji ya mtoto. Akasema, "Nitapika."

Siku aliyopika ile mashine yake ya mkono ya kukorogea ikaungua katikati ya kazi. Akamalizia kwa mwiko. Mkono ulichoka, uji ukaonekana umeshika, akamimina kwenye kalibu, akajiambia yatosha. Akazikata kabla ya wakati wake. Akalamba pembe ya kipande kimoja kwa ncha ya ulimi, kama walivyokuwa wakifanya wazee wa kiwandani kujua kama magadi yametulia, na haikumuuma. Basi, akashukuru Mungu, akazifunga.

Na arobaini ilifana! Wijdan ndiye aliyemmiminia mtoto maji. Mtoto aling'aa, povu jeupe kama maziwa, vigelegele mpaka barabarani. Mama Thabit mwenyewe akasema mbele ya wote, "Mkono wako mwepesi, Mama Sabuni." Walimwekea mtoto mapajani, akamshika, na hakuna aliyenyoosha mikono haraka kumchukua. Alikaa naye mpaka miguu ikafa ganzi, na aliona tabu hata kujisogeza.

&nbsp;

Baada ya hapo, kimya. Akipita ngazini milango inafungwa taratibu. Akisalimia, anajibiwa kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Kikao cha kahawa cha mwezi ule alikuja kusikia kuwa kimepita.

Halafu alasiri moja, hodi. Mama Thabit. Mama Thabit, ambaye magoti yake hayakuwahi kumfikisha ghorofa ya tatu, amesimama mlangoni anahema, anatabasamu.

"Nimekukumbuka, mwanangu. Nikasema leo lazima nije."

Wijdan karibu aangushe birika. Akatoa vikombe vya wageni, akatoa kipande cha kunafa tamu kilichobaki, akaomba radhi kwa kila kitu: vumbi, viti, kahawa kuwa nyepesi. Mama Thabit alikaa naye kochi moja, bega kwa bega, akalisifia gauni lake, "kitambaa kizuri hiki, wapi umekipata," akalipapasa. Kahawa hata hakuimaliza. Alipoaga alimkumbatia Wijdan kwa muda mrefu, akimpigapiga mgongo. Wijdan alifunga mlango, akaanza kuimba. Aliimba akiosha vikombe, na Rushdi alipoingia alimkuta bado anaimba.

"Kulikoni leo?"

"Mama Thabit kapanda mpaka huku! Kaja kunitazama mimi, Rushdi. Mimi!"

Aligeuka kumwekea chakula. Rushdi akainama kumtazama kwa nyuma.

"Gauni lako limeliwa na panya?"

"Wapi?"

"Nyuma hapa. Kwenye pindo."

Wijdan akalivuta pindo mbele. Kipande kilikuwa kimekatwa, cha upana wa vidole viwili, kimekatwa sawasawa, kwa mkasi. Walitazamana, mke na mume, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Hakuna mtu wa mji ule asiyejua nguo ya mwanamke inakatwa kwa siri kwa ajili ya nini. Mtoto akipatwa na jicho, unatafuta kipande cha nguo ya hasidi mwenyewe, unakichoma pamoja na shabu na ubani, unamfukiza mtoto. Na hasidi wa mtoto mchanga ni nani kama siyo mgumba aliyempakata?

Moshi ulipanda kwa ngazi kabla hawajamaliza kula. Wijdan aliusikia. Kitambaa kikiungua kina harufu yake, na kile alikijua, alikishona kwa mkono wake.

"Nashuka sasa hivi!" Rushdi alisukuma sahani. "Nikamwonyeshe adabu bibi yule!"

"Ushuke umwambie nini? Kwamba mkeo hana kijicho? Utathibitishaje?"

Rushdi akakaa. Wijdan hakulia. Alikunja lile pindo ndani, akachukua sindano, akalishona, na alipomaliza aliona ameshona kwa uzi wa rangi nyingine.

&nbsp;

Kesho yake alimvizia Mama Nasri kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili. Mama Nasri alirudi nyuma hatua, akajifanya anatafuta funguo.

"Mama Nasri, mtoto ana nini?"

"Mimi sijasema kitu, Wijdan. Mimi sipo."

Wijdan tena. Siyo Mama Sabuni.

"Niambie tu ana nini."

"Ngozi. Shingoni na mapajani, nyekundu, inachubuka. Analia mpaka sauti inakauka. Daktari kampa dawa ya kupaka, haishiki. Mama Thabit kasema siku ya arobaini sifa zilizidi, macho yakazidi. Sasa wanamfukiza, na kumwogesha asubuhi na jioni."

"Wanamwogesha kwa sabuni gani?"

"Kwa sabuni yako, kwa ipi tena? Mafuta ya zeituni ni shifaa. Jicho lako lina makosa, sabuni haina." Mama Nasri akajishika mdomo. "Mdomo huu utaniua! Nisamehe, dada."

Wijdan alishapanda juu. Vilikuwa vimebaki vipande vya pishi lile lile. Alichukua kimoja, akakikata katikati kwa kisu. Nje kilikuwa cheupe, laini. Ndani kulikuwa na mishipa mieupe zaidi, kama chokaa, pale mwiko ulipopita bila kukoroga. Akalamba. Ilimuuma ulimi kama kulamba betri. Akatema, akasukutua, akalamba tena mahali pengine kwa kutotaka kuamini, ikamuuma vile vile. Kwa hiyo siku za mwanzo mtoto aliogeshwa kwa ganda la nje, na sabuni ilivyozidi kuliwa na maji ndivyo walivyozidi kuyafikia magadi. Na sasa ni asubuhi na jioni!

Ndipo alipolia, amekaa sakafuni, na Rushdi aliporudi alimkuta hapo hapo.

"Ni mimi," alimwambia. "Siyo jicho. Ni mkono wangu. Nashuka kuwaambia."

Rushdi alifunga mlango wa jiko, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu. "Hebu tulia kwanza. Jicho mtu hashtakiwi. Jicho watu wanasema ni la Mungu, hata mwenyewe hajui. Sabuni wanaishika, wanaipeleka kwa daktari, wanaipeleka polisi. Umemchoma mtoto wa watu, Wijdan! Ukisema hivyo tutakaa wapi?"

"Na tukinyamaza?"

"Itaisha. Sabuni huisha."

"Itaisha kwenye ngozi ya nani?"

Rushdi alikaa chini sakafuni karibu naye, na koti lake la kazi, na hakumzuia aliponyanyuka.

&nbsp;

Mama Thabit alifungua mlango nusu, akaujaza kwa mwili wake. Nyuma yake Sundus alikuwa amembeba mtoto aliyekuwa akilia kwa ile sauti iliyochoka. Mlango wa bafu ulikuwa wazi, maji yanatiririka kwenye beseni.

"Msimwogeshe," Wijdan alisema. "Dada, nakuomba. Sabuni ina kasoro. Haikuiva, niliharakisha. Ndiyo inayomchubua."

"Sabuni?" Mama Thabit akacheka bila meno kuonekana. "Mafuta ya zeituni? Mungu kayaapia kwenye Kurani, wewe unakuja kuyasingizia mlangoni kwangu?"

"Si mafuta, ni magadi. Hii hapa, nimeikata, lamba mwenyewe uone."

Alinyoosha mkono. Mama Thabit aliruka nyuma kama aliyeonyeshwa nge.

"Nilambe kitu ulichoshika wewe? Ati kasoro! Sisi tumeoshwa kwa sabuni hii tulipozaliwa na tutaoshwa nayo tukifa. Haikumchubua mtu toka dunia iumbwe. Usijifiche nyuma ya sabuni, Wijdan. Moshi umeanza kukuunguza, ndiyo maana umekuja mbio."

"Mama," Sundus alisema taratibu, "labda tungeiacha siku moja tu..."

"Wewe nyamaza, maji yanapoa. Mpeleke mtoto."

Sundus alimtazama Wijdan. Macho yake yalikuwa yanataka kuamini, hilo Wijdan aliliona waziwazi. Lakini miguu yake ilikuwa ya mkwewe. Akageuka kuelekea bafuni. Sabuni ilikuwa pale ukingoni mwa beseni, imekwisha nusu.

"Basi ni jicho langu!" Wijdan alisema.

Ilimtoka kwa sauti kubwa, ikapanda na ngazi. Mlango wa ghorofa ya pili ulifunguka. Sundus akasimama.

"Unasemaje?" Mama Thabit aliuliza.

"Ni jicho langu. Lakini haliko kwenye nguo, mnachoma nguo bure. Nilipokuwa naipika nilikuwa nalia. Nilikuwa nasema, kwa nini yeye na siyo mimi? Sundus kaolewa juzi, mimi nina miaka yote hii. Nilikoroga na kusema, nilikoroga na kusema. Yote yaliingia kwenye sabuni. Maadamu imo humu ndani, hata mkichoma ubani wa Makka nzima, mtoto hatapona."

Uongo ule ulikuwa na ukweli ndani yake, si mwingi, lakini ulitosha kumtetemesha mdomo, na ndiyo maana ulisadikika.

"Audhubillahi!" Mama Thabit akashika kifua. "Audhubillahi! Kasema mwenyewe! Mmesikia? Kasema kwa kinywa chake!" Akakimbia, na magoti yake yale yale, akamsukuma Sundus pembeni, akaikamata sabuni kwa kitambaa cha kufutia meza. Akatoa na vipande vizima vilivyokuwa vimebaki kabatini. Akavitupa vyote kwenye mfuko, akautupa mfuko nje ya kizingiti, miguuni pa Wijdan. "Chukua uchafu wako! Sundus, mwaga maji hayo! Lisugue beseni kwa chumvi!"

Wijdan aliinama, akaokota. Alisubiri mpaka akasikia maji yakimwagwa. Ndipo alipopanda ngazi, akampita Mama Nasri aliyesimama mlangoni kwake na mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake.

&nbsp;

Asubuhi yake walizikuta sabuni alizogawa zimerudishwa mlangoni. Ya kahawa, ya zaatari, za asumini, nyingine mpya na kamba yake haijafunguliwa, nyingine imebaki kama ukucha. Lilikuwepo pia kopo la Mama Nasri la mafuta ya nyayo, limechotwa hadi katikati, alama za vidole bado zimo. Rushdi aliviingiza vyote ndani mikono miwili miwili, kabla ya kwenda kazini, asije mtu akamwona mkewe ameinama pale.

"Mbele ya watu wote?" aliuliza.

"Mbele ya wote."

"Ungenituma mimi. Ningesema ni jicho langu."

Wijdan akacheka, cheko la kwanza tangu siku ile ya gauni, likageuka kilio katikati. "Jicho lako wewe linajua kusoma mita tu, Rushdi."

Mtoto akapona. Mtaani ilisemwa, na inasemwa hadi leo, kwamba alipona kwa kuwa hasidi alikiri kwa kinywa chake, na Mama Thabit akawa anatafutwa na wenye watoto wagonjwa kutoka mitaa mingine, awaeleze alivyofanya. Wijdan aliyasikia kwa dirisha. Jikoni mizani iliwekwa juu ya kabati. Mchana ulirudi kuwa mrefu, na sasa hapakuwa na kitu rafuni cha kukisemesha.

Siku moja ya baridi alikuwa anashuka kwenda sokoni, Sundus anapanda na mtoto begani, wakakutana kwenye kona ya ngazi ambapo hapapitiki wawili. Sundus alisita. Alimtazama Wijdan, midomo ikafunguka kidogo kama mwenye kutaka kusema neno, halafu chini mlango wa Mama Thabit ukalia. Sundus akalivuta blanketi kwa haraka, akamfunika mtoto uso wote, kichwa na shingo. Alilivuta kwa nguvu mno. Miguu ikabaki nje, na mapaja, yamenona, meupe, laini, hayana hata alama.

Wijdan aliyaona. Kumshukuru Mungu kulimfika ulimini, akakumeza, maana neno jema likitoka kwake lingemtia yule msichana hofu. Akajibana pembeni, akageuza uso ukutani ili wapite kwa amani, na huko ukutani, peke yake, alikuwa anatabasamu.